Amri ya Kuchimba

Mwaka 1968 barabara mpya ilitakiwa kupita Ocean Road, Dar es Salaam, na mbele yake palikuwa na makaburi 660 ya vita. Barabara haikukwepeshwa, wafu ndio waliohama. Walipelekwa kilomita kama 5 kutoka katikati ya mji, kando ya barabara ya Bagamoyo, upande wa Kinondoni, na huko wapo mpaka leo, daladala zikiwapita asubuhi na jioni. Waliokuwa na alama za makaburi yao walihama na majina yao. Lakini katika viwanja vya Wakristo Waafrika, vya Waislamu na vya wasio Wakristo, hakuna aliyekuwa amewekewa alama yake peke yake. Hao walizikwa upya kwa pamoja, na kila kaburi la pamoja likajengewa ukuta wa ukumbusho.

Makaburi hayo ni ya upande wa Waingereza, ingawa Wajerumani nao wamo. Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii ilitumia watu wengi zaidi kubeba na kuchimba kuliko kupigana, na walioaga dunia upande wa Waingereza angalau wamepata ukuta. Waliochimba upande wa pili, yaani wale waliotolewa vijijini kuwachimbia Wajerumani mahandaki, hata ukuta sijauona.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko vita hiyo. Handaki limetoka kwenye Kiarabu, na mtoto yeyote wa chuoni, iwe Msasani au Mtoni, amesikia habari za Vita vya Handaki: mwaka wa 5 wa Hijria, Madina inakabiliwa na jeshi kubwa, Salman Mwajemi anashauri wachimbe, na Mtume mwenyewe anabeba mchanga pamoja na masahaba zake. Mzaramo wa mwaka 1914 hakuhitaji Mjerumani amweleze handaki ni kitu gani. Alichokuwa hajakiona ni handaki ambalo mwenye kutoa amri hashiki jembe.

Wala Wajerumani hawakuwa wageni wa ngome za watu wa nchi hii. Miaka ya mwanzo ya utawala wao waliimaliza wakizivunja. Mei 1889 Hermann von Wissmann alilivamia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Januari mwaka huohuo, wapiganaji wa Abushiri walikuwa wameichoma misheni ya Wabenedikto pale Pugu, katika vilima vya magharibi mwa Dar es Salaam. Januari 1893 Luteni Tom Prince alilivunja boma la Isike kule Unyanyembe, na Oktoba 1894 ikawa zamu ya ngome ya Mkwawa, Kalenga. Maofisa waliopitia mapigano hayo walijifunza jambo ambalo wenzao wa Berlin walikuja kulijua baadaye, kwamba watu wachache waliojichimbia vizuri humtoa jasho mwenye mizinga. Prince huyo, ambaye baadaye alipewa daraja la ukabaila na kuitwa von Prince, aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, safari hii akiwa upande wa wanaolinda.

Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Kigoma, maonyesho makubwa yalipangwa kufanyika mwezi huo, na wageni kutoka Ujerumani walikuwa wamekwisha kuwasili. Mji wote ulikuwa na watu wapatao 22,500. Kinondoni na Temeke hazikuwa mji: yalikuwa mashamba ya mihogo na minazi, vijiji vya Wazaramo na njia za miguu kati yake. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda mpya wa jeshi la koloni, alikuwa na miezi saba tu nchini. Jeshi lake lilikuwa na kompania 14, Wajerumani 260 hivi na askari Waafrika wapatao 2,500, wengi wao wakitumia bunduki za mwaka 1871 ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi. Moshi huo uukumbuke, maana mtu aliyejificha shimoni na kuifyatua bunduki ya namna hiyo amejitangaza mwenyewe.

Tarehe 8 Agosti manowari za Kiingereza ziliupiga mji, zikiutafuta mnara wa simu ya upepo. Wajerumani waliubomoa mnara kwa mikono yao, wakazamisha gati yao ya kuelea kwenye mlango wa bandari ili meli zisiingie. Gavana Heinrich Schnee alitaka mji utangazwe kuwa hauna ulinzi, usipigwe, naye akahamia Morogoro. Lettow alikasirika. Hakuwa mtu wa kusalimisha mji bila risasi, lakini pia hakuwa mjinga wa kuwaweka watu wake ufukweni wapigwe na mizinga ya meli. Aliwakusanya Pugu, kilomita kama 20 kutoka baharini, mahali palipoinuka, reli ikipita karibu, mzinga wa meli ukiwa mbali. Anayepanda leo treni ya mwendokasi kwenda Morogoro huvipita vilima hivyo kabla hajamaliza kutafuta mahali pa kuchajia simu.

Hebu tuiangalie amri yenyewe ya kuchimba. Jeshi la Kijerumani lilikuwa na kanuni kwa kila kitu, na handaki lilikuwa na zake. Halichimbwi limenyooka. Kila baada ya hatua kadhaa hupindishwa, ili kombora likitua ndani lisiwafagie wote, na adui akiingia upande mmoja asipate nafasi ya kupiga risasi mpaka upande wa pili. Udongo humwagwa mbele uwe kinga ya kifua, mwingine nyuma kukinga vipande vya makombora. Ndani huwekwa kidaraja cha kusimamia mtu anapolenga. Nyuma huchimbwa njia za kupitishia maji, chakula na majeruhi. Choo kiwe pembeni, mtaro wa mvua uwe na mteremko, vichaka vya mbele vikatwe ili risasi iwe na njia. Kazi yenyewe haina mwisho. Handaki ni kama nyumba ya udongo, lisipokandikwa linaanguka. Mvua ya usiku mmoja hurudisha shimoni udongo wa siku tatu.

Ulaya amri hizo zilinenepa mwaka hadi mwaka. Mapema mwaka 1915 mkuu wa jeshi, Erich von Falkenhayn, aliagiza mstari wa mbele ujengwe kwa uimara wa kuwawezesha wachache kuwazuia wengi, na ushikiliwe liwe liwalo. Matokeo yake yalionekana Somme tarehe 1 Julai 1916. Wajerumani walikuwa wamejichimbia mita 6 na zaidi chini ya ardhi, nyuma ya misitu ya seng'enge, na Waingereza walipotoka kwenye mahandaki yao wapatao 19,000 walikufa siku hiyo moja. Majira ya baridi yaliyofuata Wajerumani walijenga nyuma yao mstari mwingine mkubwa zaidi, ule ambao adui zao waliuita wa Hindenburg. Sehemu kubwa ya jasho lake ilikuwa ya wafungwa wa kivita Warusi na ya raia waliolazimishwa. Hata kule, basi, aliyeandika amri na aliyeshika sururu hawakuwa mtu mmoja.

Huku Afrika Mashariki kanuni zilikuwa zilezile, vitu vya kuzitekelezea ndivyo havikuwapo. Bahari ilifungwa na Waingereza. Meli mbili tu za shehena ziliwapenya, moja ikafika Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, na nyingine Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916. Seng'enge ilikuwa adimu, kwa hiyo miiba ikachukua nafasi yake: migunga ilikatwa na kulazwa matawi yakitazama nje, kama mfugaji anavyozungushia zizi. Na udongo nao una tabia zake. Mtu aliyewahi kuchimba choo Mbagala au Tandika anaujua mchanga wa pwani. Unachimba mita moja, ukuta unakuja wenyewe. Ndiyo maana mafundi wa huko hushindilia mapipa na matairi ndani ya shimo kabla hawajaendelea. Handaki katika ardhi ya namna hiyo bila magogo ya kushikilia kingo huwa kaburi la aliyemo.

Nani alikata magogo? Nani alichimba? Askari wa Kijerumani, yule Mnyamwezi, Msukuma au Msudani aliyevaa kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, alikuwa bwana katika nafasi yake. Alikuwa na mke kambini, mara nyingi alikuwa na boi wa kumbebea mzigo na kumpikia. Mapigano yalipomkuta porini alichimba, maana risasi haimheshimu bwana. Lakini ngome za kudumu, zile zilizochukua wiki na miezi, hazikujengwa kwa mikono yake. Amri iliteremka kutoka kwa ofisa hadi kwa akida, kwa akida hadi kwa jumbe, na jumbe akatoa watu. Ngazi hiyo haikubuniwa kwa ajili ya vita. Ndiyo iliyowapeleka watu kwenye mashamba ya pamba ya lazima, na ndiyo iliyowasha Majimaji mwaka 1905, ambayo Uzaramo nako iliwaka. Miaka tisa baadaye hakuna jumbe wa Kisarawe aliyehitaji kukumbushwa kilichowapata waliokataa. Mtu alikuja na jembe lake la nyumbani. Mchanga ulibebwa kwa pakacha.

Tanga ndiyo iliyowapa Wajerumani imani na mashimo yao. Kuanzia tarehe 2 Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, kilishuka pale kukabiliana na watu wapatao 1,000 wa Lettow. Njia ya reli iliyokatwa kwenye ardhi ilitumiwa kama handaki lililo tayari, bunduki za rashasha zikapangwa pembeni, na tarehe 5 washambuliaji walirudi melini wakiacha silaha nyingi nyuma. Nyuki waliotoka mizingani wakawauma wapiganaji wamekuwa maarufu kuliko reli, lakini mimi huwa nawahurumia nyuki kwa sifa wasizozitaka. Aliyewaokoa Wajerumani ni kibarua aliyekata njia ya reli miaka mingi kabla, bila kujua anajenga ngome.

Dar es Salaam ilipata zamu yake tarehe 28 Novemba. Manowari Goliath na Fox zilitia nanga nje, boti ndogo zikaingia bandarini kuziharibu meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha ndani. Bendera nyeupe zilikuwa zikipepea. Boti zilipokuwa zikitoka, mlango mwembamba wa bandari ulilipuka kwa risasi kutoka kando zote mbili. Kamanda Henry Ritchie alijeruhiwa mara nane ndani ya dakika 25 na baadaye akapewa Msalaba wa Victoria. Goliath, yenye mizinga ya inchi 12, ilijibu kwa kuupiga mji, na siku mbili baadaye jumba la gavana, mahali ilipo Ikulu sasa, lilikuwa gofu. Upande wa Kigamboni kulikuwa na mchanga na minazi tu. Shimo la ufukweni lilimsitiri mtu mwenye bunduki dhidi ya boti, si dhidi ya mzinga wa meli, na tangu hapo ulinzi wa mji ukaegemea kwenye kujificha zaidi kuliko kuzuia.

Kisha ikaja mizinga ya Königsberg. Meli hiyo iliyojificha katika delta ya Rufiji iliharibiwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa majini, ikaletwa Dar es Salaam na kutengenezwa katika karakana za reli. Iligawanywa nchi nzima, na nahodha wake, Max Looff, akakabidhiwa ulinzi wa mji. Kila mzinga ulihitaji watu mamia kuuvuta penye njia mbaya, na uliposimama ulihitaji shimo. Mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa, ndani ya Fort Jesus, umepakwa rangi, na watoto wa shule wanaupanda kupigwa picha.

Handaki lililotimiza kanuni za Kijerumani kuliko yote halikuwa hapa bali Salaita, kilima kidogo karibu na Taveta. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi uleule vita ilipoanza. Kwenye kilele cha Salaita udongo uliochimbuliwa ulionekana wazi, mstari mwekundu ambao hata mtu asiye na darubini angeuona. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele hicho mpaka vumbi likafunika mlima, kisha Brigedi ya Pili ya Afrika Kusini ya Jenerali Beves ikasonga mbele. Kileleni hapakuwa na mtu wa maana. Watu wa Meja Georg Kraut walikuwa chini, kwenye tako la kilima, ndani ya mahandaki yaliyofunikwa kwa majani, nyuma ya boma la miiba. Waafrika Kusini walipoteza watu zaidi ya 130, wakarudi nyuma kwa fujo, na Wabaluchi wa Kikosi cha 130 ndio waliowakingia mgongo. Husimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota rashasha iliyotupwa na Makaburu, wakairudisha na kijibarua cha kuomba kwamba kuanzia sasa wasiitwe tena makuli. Kama kisa hiki si cha kweli, basi aliyekitunga aliwajua watu wake.

Wiki chache baadaye, tarehe 9 Machi, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilirudi Salaita likiwa na nguvu kubwa zaidi, huku kikosi kingine kikizunguka kwa mbali. Likakuta kilima kitupu. Kraut alikuwa ameondoka.

Hapa ndipo vita ya huku inapoachana na ile ya Ulaya. Falkenhayn alimfunga askari wake kwenye shimo. Lettow alichimba, akamlipisha adui bei ya kulifikia shimo, kisha akaliacha na kwenda kuchimba jingine. Nchi kwake haikuwa kitu cha kushikilia, ilikuwa kitu cha kupotezea muda wa Waingereza ili majeshi yao yasiende Ufaransa. Kwa mwanajeshi hesabu hiyo ni ya akili sana. Kwa mwanakijiji ilikuwa na maana kwamba kazi ya mwezi mzima inaachwa kwa usiku mmoja, na asubuhi anatakiwa aibebe kambi na kwenda kuanza upya mahali asipopajua, mbali na shamba lake, msimu wa kulima ukimpita.

Dar es Salaam iliachwa vivyo hivyo. Agosti 1916 Bagamoyo ilianguka, tarehe 26 Morogoro ikaanguka, na mji ukawa hauna mgongo wa kuegemea. Kikosi kilichotoka Bagamoyo kilishuka kwa njia ya pwani, Kunduchi hadi Msasani, kikifuatana na manowari baharini. Watu wa Looff walikwisha kuelekea kusini, kwa njia ya Rufiji. Tarehe 4 Septemba mji ulisalimu amri. Yale yaliyoogopwa na Schnee na kutamaniwa na Lettow, mapigano ya nyumba kwa nyumba, hayakutokea. Yalibaki mashimo, na mvua za vuli zilikuwa karibu.

Vibarua hawakupumzika. Waingereza walikuta madaraja yamebomolewa na bandari imezibwa, nao pia walihitaji watu. Kambi yao ya wapagazi ilikuwa mahali ambapo leo ni soko, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likakatwakatwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariakoo. Kwa hesabu rasmi wapagazi zaidi ya 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita yote, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wale wa upande wa Wajerumani hawakuandikwa kwa uangalifu hata huo.

Handaki la mwisho kubwa lilikuwa Mahiwa, nyuma ya Lindi, Oktoba 1917. Lettow alijichimbia kwenye kilima na kusubiri, akijua anayekuja ni Beves. Aliandika baadaye kwamba alimfahamu jenerali huyo tangu mapigano ya Reata, Machi 1916, kuwa ni mtu wa kuwasukuma watu wake moja kwa moja bila kujali watakaokufa. Akakisia vizuri. Siku nne, 15 hadi 18, Wanigeria na askari wa King's African Rifles (KAR) waliletwa mbele ya bunduki zilizopangwa tayari, na Waingereza wakapoteza waliouawa na kujeruhiwa karibu 2,700. Lettow alipoteza zaidi ya 500 kati ya watu wake 1,500, na hakuwa na wa kujazia mapengo. Novemba 25 alivuka Ruvuma. Kuanzia hapo hakukuwa tena na handaki la kukaa, ila mashimo ya usiku mmoja, mpaka alipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai malipo yaliyobaki. Husimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza kama 350, wachache wakiwa na vyeti, mmoja mmoja akiwa na kipande cha koti la zamani. Mwenye fedha akashindwa kujua nani mkweli. Akaamua kumpa kila mzee ufagio, kisha akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani: bega silaha, weka silaha chini, toa heshima. Wazee wakazishika fagio na kuzitekeleza amri hizo, na inasemekana hakuna aliyekosea.

Fedha hizo zilikuwa za askari. Kama mzee wa Kisarawe aliyechimba Pugu angesafiri mpaka Mwanza, pale mezani hapakuwa na amri ya kumpima.